Rebecca Nurse, ajuza wa Salem aliyekataa kukiri uchawi

Wengi walioisoma au kuitazama tamthilia ya The Crucible ya Mmarekani Arthur Miller, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York Januari 22, 1953, humkumbuka zaidi mkulima John Proctor na msichana Abigail Williams. Pembeni yao yupo ajuza asiyesema mengi, ambaye kila aingiapo jukwaani ghasia hutulia. Huyo ni Rebecca Nurse. Proctor wa jukwaani alipunguziwa umri na kutungiwa mapenzi ya siri na Abigail, ila Rebecca wa tamthilia hayuko mbali sana na yule aliyeishi kweli.

Alibatizwa Februari 1621 katika mji wa bandari wa Great Yarmouth, mashariki mwa Uingereza, akiwa binti wa William na Joanna Towne. Karibu na mwaka 1640 familia hiyo ilihamia koloni la Massachusetts, kama walivyofanya maelfu ya Wapuritani, yaani Waprotestanti walioliona Kanisa la Uingereza kuwa halijatakaswa vya kutosha. Huko Rebecca aliolewa na Francis Nurse, fundi wa kuchonga sinia na vyombo vya mbao, wakajaliwa watoto wanane. Miller aliwaongeza wakawa kumi na mmoja. Mwaka 1678 mume wake alichukua shamba la ekari 300 katika kijiji cha Salem, ambacho leo ni mji wa Danvers, kwa makubaliano ya kulilipia kidogo kidogo. Fundi aliyeanza bila kitu akawa mwenye shamba kubwa, na si majirani wote waliolifurahia hilo. Familia ya Towne, alikotoka Rebecca, ilikuwa pia na mzozo wa muda mrefu wa mipaka ya ardhi na ukoo wa Putnam.

Mapema mwaka 1692, binti na mpwa wa Mchungaji Samuel Parris walianza kupatwa na degedege na kupiga mayowe. Tabibu akashuku mkono wa uchawi. Wa kwanza kukamatwa walikuwa wanawake wanyonge, akiwemo Tituba, mtumwa wa nyumbani kwa Parris. Mwezi Machi, katika nyumba ya Thomas Putnam, likatajwa jina ambalo hakuna aliyelitarajia.

Rebecca alikuwa na umri wa miaka 71, yu mgonjwa kitandani na masikio yake hayasikii vizuri. Majirani wachache walikwenda kumjulia hali. Kabla hawajamweleza lolote, aliwauliza habari za watoto wanaoteseka na kuonyesha kuwahurumia. Walipomwambia kwamba yeye mwenyewe ametajwa, alikaa kimya kwa muda, kisha akajiuliza ni dhambi gani ambayo hajaitubu hata Mungu amletee dhiki hiyo uzeeni. Katika swali hilo imo imani nzima ya Wapuritani: hakuna jambo linalotokea bila mkono wa Mungu, wala hakuna binadamu, hata akionekana mwema namna gani, anayeweza kuwa na hakika kwamba ni mteule. Imani iyo hiyo iliyomfanya ajichunguze iliwawezesha wengine kuamini kwamba mcha Mungu wa miaka mingi anaweza kuwa ameficha mapatano na Shetani.

Machi 24 alifikishwa mbele ya mahakimu John Hathorne na Jonathan Corwin. Kila alipoinamisha kichwa, wasichana nao walipinda shingo zao. Walidai kwamba kivuli chake ndicho kinachowaminya na kuwakaba. Ushahidi huo wa vivuli ndio uliokuwa moyo wa kesi zote za Salem. Mshitakiwa angeweza kuthibitisha kwamba usiku ule alikuwa kitandani, isimsaidie kitu, kwa kuwa kilichoonekana hakikuwa mwili wake. Wachungaji wenyewe walibishana iwapo Mungu humruhusu Shetani kuvaa sura ya mtu asiye na hatia, na jibu la swali hilo la kitheolojia likawa suala la kufa na kupona.

Hapa pana tofauti moja na mambo tunayoyasikia mara kwa mara kutoka Usukumani nchini Tanzania au Kilifi nchini Kenya, ambako vikongwe wameuawa kwa panga kwa tuhuma kama hizo. Salem hapakuwa na kundi la watu lililojichukulia sheria mkononi. Palikuwa na hati za kukamata, makarani, mahakimu na gavana, na kumbukumbu za maandishi zingalipo.

Majirani wapatao 40 walitia saini hati ya kumtetea, jambo lililohitaji ujasiri, maana aliyemtetea mchawi aliweza naye kutajwa. Miongoni mwao alikuwamo Jonathan Putnam, mmoja wa watu waliokuwa wamemshitaki.

Kesi yake ilisikilizwa mwishoni mwa Juni, na baraza la waamuzi kumi na wawili likamwona hana hatia. Wasichana wakapiga mayowe. Jaji mkuu, William Stoughton, akawauliza waamuzi kama wameyazingatia maneno ambayo mama huyo aliyatamka mahakamani pale alipoletwa Deliverance Hobbs, mfungwa aliyekwisha kukiri uchawi, kutoa ushahidi. Rebecca alikuwa amestaajabu kwamba mtu wa kundi lao analetwa kuwashuhudia. Je, kundi lipi, la wafungwa au la wachawi? Mkuu wa baraza, Thomas Fiske, akataka ayafafanue. Rebecca hakujibu. Waamuzi wakauchukua ukimya huo kuwa jibu, wakarudi na uamuzi wa hatia. Baadaye alieleza kwa maandishi kwamba alimaanisha wafungwa wenzake, na kwamba kwa uziwi na majonzi hakulisikia swali.

Gavana William Phips aliisimamisha adhabu, kisha akashawishiwa kuufuta msamaha wake. Julai 3 kanisa la Salem, ambalo Rebecca alikuwa mshirika wake kwa miaka mingi, lilimtenga. Kwa Mpuritani hukumu hiyo ilitisha kuliko kamba, kwani ilimtangaza kuwa amepotea milele. Njia ya kujiokoa ilikuwapo: hakuna aliyekiri uchawi na kushikilia ukiri wake aliyenyongwa mwaka huo. Lakini kukiri kungekuwa uongo mbele ya Mungu, naye hakuwa tayari kununua siku chache kwa roho yake. Alinyongwa Julai 19 pamoja na wanawake wengine wanne. Miller amewapandisha kilimani siku moja yeye na Proctor. Ukweli ni kwamba Proctor alifuata mwezi mmoja baadaye, Agosti 19. Dada yake Rebecca, Mary Easty, alinyongwa Septemba. Mdogo wao, Sarah Cloyce, alinusurika. Jumla ya waliouawa ni 20, mmoja wao, Giles Corey, kwa kulundikiwa mawe kifuani.

Familia ya Nurse haikusahau. Ilisusia ibada za Parris mpaka mchungaji huyo akang'oka kijijini. Mwaka 1697 waamuzi kumi na wawili walitia saini barua ya kuomba radhi. Mwaka 1706 Ann Putnam, aliyekuwa na umri wa miaka 12 wakati akitoa ushahidi, alisimama kanisani huku ungamo lake likisomwa, akiomba msamaha hasa kwa ajili ya Rebecca na dada zake. Mwaka 1712 kanisa liliifuta hukumu ya kumtenga, miaka 20 baada ya kifo chake.

Inasimuliwa kwamba wanawe waliuchukua mwili wake usiku na kuuzika shambani, mahali pasipojulikana hadi leo. Nyumba ya shamba hilo bado imesimama Danvers. Karibu nayo ipo nguzo ya kumbukumbu ya mwaka 1885, na miaka saba baadaye likawekwa jiwe la pili, lenye majina ya majirani waliotia saini hati ya kumtetea.