Grace Hopper: Mama aliyeifundisha kompyuta kusoma maneno ya watu

Na Mwandishi Wetu, Beechmont, Louisville

Ukitoka hapa mtaani Beechmont, kusini mwa Louisville, ukaelekea mashariki kwa gari, si muda mrefu utafika Appliance Park, kiwanda kinachojulikana kwa friji na mashine za kufulia. Mwaka 1954 kampuni ya General Electric iliweka hapo kompyuta ya UNIVAC, inayotajwa kuwa ya kwanza nchini Marekani kununuliwa kwa kazi za biashara. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kukokotoa mishahara ya wafanyakazi.

Mashine hiyo ilikuwa na taa za kielektroniki zaidi ya 5,000, lakini haikujua neno hata moja la lugha ya watu. Ilielewa namba na alama fupi tu, na wachache mno ndio walioweza kuziandika. Mtu aliyehangaika kuondoa ukuta huo ni hayati Bibi Grace Hopper, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni iliyotengeneza UNIVAC.

Bibi Hopper alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Alisoma hisabati na fizikia chuo cha Vassar, baadaye akarudi huko kufundisha, na mwaka 1934 akapata shahada ya uzamivu ya hisabati Yale. Vita Kuu ya Pili ilipofika Marekani aliomba kujiunga na Jeshi la Wanamaji. Kwa mujibu wa kanuni umri wake ulikuwa mkubwa na uzito wake mdogo, lakini hakukata tamaa. Alipewa ruhusa maalumu, akaingia Desemba 1943. Mwaka uliofuata alipelekwa Harvard kuiandikia programu kompyuta ya Mark I.

Mwaka 1949 alihamia Philadelphia kujiunga na kampuni ya Eckert na Mauchly, ambayo baadaye ilinunuliwa na Remington Rand. Huko aliona watu wakinakili kwa mkono vipande vile vile vya programu, na kila wanaponakili wanakosea. Mwaka 1952 alikamilisha programu aliyoiita A-0. Mwandishi alitaja namba ya kipande anachokitaka, na mashine yenyewe ikakitafuta kwenye utepe, ikakipanga na vingine na kutoa programu kamili. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukusanya, aliiita kompaila, yaani mkusanyaji. Wengi hawakuamini, walishika kwamba kompyuta ni ya kujumlisha na kutoa, basi.

Baada yake ikaja A-2, mwaka 1953. Wateja wa UNIVAC walipewa kompaila hiyo pamoja na msimbo wake chanzo, yaani maandishi yenyewe yaliyoiunda, wakaombwa kurudisha maboresho yao. Ni miongo mingi kabla ya watu kuanza kuzungumzia programu huria.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kompaila nayo ni programu, na ukipewa msimbo wake unaweza kuijenga wewe mwenyewe. Leo kijana anapotaka kujenga kompaila mpya kutoka kwenye msimbo chanzo, huuchukua msimbo huo na kuupitisha kwenye kompaila ya zamani iliyomo tayari katika kompyuta yake. Ikishazaliwa ile mpya, mara nyingi huipa msimbo ule ule ijijenge tena yenyewe, ndipo aisimike. Ni hadithi ya kuku na yai, ila hapa kuku wa kwanza tunamjua: Bibi Hopper na wenzake hawakuwa na kompaila ya kuwatangulia, ilibidi waandike ya kwao kwa mkono, alama kwa alama.

Kisha alitaka mashine isome maneno. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba aliwaonyesha wakubwa wa kampuni programu ndogo iliyoandikwa kwa Kiingereza, halafu ile ile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Kwa mashine hakuna tofauti, maneno ni alama tu, unabadilisha orodha na kazi inakwenda. Wakubwa walishtuka. Waliona haiwezekani kompyuta ya Kimarekani ielewe lugha za kigeni, na ikabidi awaahidi kwamba itabaki Kiingereza. Lugha hiyo ikawa FLOW-MATIC, na juu ya msingi wake ikajengwa COBOL, iliyoanza kuundwa mwaka 1959 naye akiwa mmoja wa washauri. COBOL ingali hai katika mabenki na ofisi za serikali. Aprili 2020, wakati wa corona, jimbo la New Jersey lilitangaza kuhitaji watu wanaoijua.

Bibi Hopper alistaafu jeshi mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha admirali. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa Arlington. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais.

Kwetu sisi Waswahili, nyumbani na ughaibuni, somo liko hapo kwa wale wakubwa walioshtuka. Kiingereza kilitawala kompyuta kwa uamuzi wa watu, si kwa sheria ya mashine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake waliweza kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi. Leo kuna Nuru, lugha ya programu ambayo amri zake ni andika, kama, sivyo, rudisha. Hiyo si kompaila, ni mkalimani anayesoma na kutekeleza papo hapo, lakini msimbo wake nao uko wazi. Imeandikwa kwa lugha ya Go, hivyo anayetaka kuijenga mwenyewe ataanza kwa kusimika kompaila ya Go.

Mzazi mwenye mtoto anayeshinda kwenye kompyuta, mwambie ajaribu hilo wikendi hii. Lugha isiyoandikiwa programu na wenyewe itaandikiwa na wengine, kwa masharti yao.