Zhu Shenghao: Mchina aliyemtafsiri Shakespeare kwa kamusi mbili tu

Wachina wengi waliomsoma Shakespeare kwa lugha yao wamemsoma kupitia kijana mmoja aliyefariki akiwa na miaka 32, mfukoni hana kitu, na Uingereza hakuwahi kuikanyaga hata siku moja.

Jina lake ni Zhu Shenghao. Kati ya tamthilia 37 za Shakespeare, yeye alitafsiri 31. Na zote alizifanya wakati vita vinampora kazi yake, tena si mara moja, mara mbili.

Yatima wa Jiaxing

Zhu alizaliwa Februari 2, 1912 mjini Jiaxing, jimbo la Zhejiang, mashariki mwa China. Wazazi wake wote wawili walifariki akiwa bado mdogo. Kilichomvusha ni shule. Alikuwa anafaulu sana, na mwaka 1929 akapata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Hangchow, kilichokuwa cha wamisionari, mjini Hangzhou.

Chuoni alisoma fasihi ya Kichina, na Kiingereza kikawa somo la pili. Alikuwa mtu wa maneno machache mno, lakini kwenye kalamu alikuwa moto. Hapo ndipo alipokutana na Song Qingru, binti aliyekuwa anaandika mashairi. Walikuja kuandikiana barua kwa karibu miaka kumi, na zaidi ya 300 kati ya zile za Zhu zimehifadhiwa mpaka leo.

Kutwa nzima na maneno

Mwaka 1933 alimaliza chuo, akaajiriwa Shanghai na kampuni ya uchapishaji ya World Book kama mhariri wa Kiingereza. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kutengeneza kamusi ya Kiingereza na Kichina. Yaani asubuhi hadi jioni, ni yeye na maneno.

Lakini kamusi ina mpaka wake. Inakupa maana ya neno, haikuambii mtu mwenye hasira analitamkaje, au mlevi analigeuzaje kuwa mzaha. Hayo Zhu aliyapata kwenye tamthilia zenyewe. Kabla ya kuanza kutafsiri alikuwa ameshasoma kazi zote za Shakespeare zaidi ya mara kumi.

Na ugumu wake si wa kitoto. Kuna maneno ya Shakespeare ambayo bado yapo kwenye Kiingereza cha leo, ila maana imehama. Mfano ni neno presently: kwa Mwingereza wa leo ni baadaye kidogo, lakini enzi za Shakespeare lilikuwa na maana ya sasa hivi. Msomaji anayekwenda kwa mazoea anadanganyika bila kujua. Anayerudia mara ya tatu, ya nne, anaona mazingira ya sentensi yanakataa, anasimama na kujiuliza.

Kwa nini Shakespeare?

Mwaka 1935 mkuu wake kazini alimshauri aifanye kazi hiyo. Wakati huo Japani walikuwa tayari na Shakespeare mzima kwa Kijapani, China bado. Zhu aliliona hilo kama deni la taifa lake.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hivi: akimaliza kipande, anajiweka kwenye nafasi ya msomaji, anaangalia kama kuna mahali panachanganya. Halafu anajifanya mwigizaji jukwaani, anasikiliza kama maneno yanatamkika. Neno moja tu likimkataa, aliweza kuhangaika nalo siku kadhaa.

Kazi yapotea mara mbili

Agosti 1937 Wajapani waliishambulia Shanghai. Zhu alikimbia akiwa na kitabu chake cha Shakespeare, lakini miswada mingi na vitabu alivyokusanya kwa miaka vikapotea. Akaanza upya.

Mwaka 1939 aliingia kwenye gazeti moja la Shanghai, akawa anaandika makala fupi fupi za kuwapinga wavamizi. Desemba 8, 1941 askari wa Kijapani waliivamia ofisi. Zhu alijichanganya na wafanyakazi wa uchapaji, akatoka salama. Miswada ilibaki ndani. Kwa mara ya pili, kazi yote ikapotea.

Mei 1, 1942 alimuoa Song Qingru, na mwaka uliofuata wakahamia kwao Jiaxing. Vitendea kazi vyake vilikuwa Shakespeare mmoja na kamusi mbili, basi. Malipo ya tafsiri yalikuwa kiduchu na bei za vitu zinapanda kila kukicha, hivyo Song akawa anashona nguo ili mkono uende kinywani.

Ajabu ni kwamba kipindi hicho cha dhiki ndicho alichoandika kwa kasi kuliko vyote. Kwenye orodha yake zimo hata zile mbili ambazo msomaji wa Kiswahili anazijua kupitia Mwalimu Julius Nyerere: Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

Zilibaki sita

Katikati ya mwaka 1944 mwili ulikataa. Ilikuwa kifua kikuu, na alikuwa katikati ya tamthilia ya Mfalme Henry wa Tano. Desemba 26, 1944 alifariki. Alimwacha mke na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na kidogo. Kati ya tamthilia 37, zilikuwa zimebaki sita tu.

Song hakuiacha miswada ipotee mara ya tatu. Aliitunza, na mwaka 1947 tamthilia 27 zikachapishwa Shanghai. Mwaka 1954 zote 31 zikatoka Beijing. Mwaka 1978, China ilipochapisha Shakespeare kamili, tafsiri za Zhu ndizo zilizokuwa msingi, na watafsiri wengine wakajazia zilizobaki.

Song alifariki mwaka 1997, zaidi ya miaka 50 baada ya mumewe. Nyumba yao ya Jiaxing sasa ni makumbusho.