Alexandre Parent-Duchâtelet

Alexandre Jean-Baptiste Parent-Duchâtelet (Paris, 29 Septemba 1790 – Paris, 7 Machi 1836) alikuwa daktari na mtaalamu wa afya ya umma kutoka nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya ukahaba mjini Paris, mmoja kati ya tafiti za kwanza za kijamii zilizotumia takwimu nyingi.

Maisha

Baada ya masomo ya udaktari alijishughulisha na usafi wa jiji. Alishuka mwenyewe katika mifereji ya majitaka ya Paris na mwaka 1824 alitoa kitabu juu yake. Mwaka 1829 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jarida la Kifaransa la afya ya umma na tiba ya kisheria.

Utafiti

Kwa takriban miaka minane alikusanya habari za wanawake waliofanya ukahaba. Hakutumwa na serikali, lakini alitegemea kumbukumbu za polisi, ambao tangu mwaka 1816 hadi 1831 waliandikisha wanawake zaidi ya 12,000. Alichunguza mahali walipozaliwa, kazi za baba zao, umri na elimu yao. Alitembelea pia madanguro, magereza na hospitali.

Watu wengi wa wakati ule waliamini kwamba wanawake hao walikuwa na maumbile tofauti au tamaa isiyo ya kawaida. Takwimu zake zilionyesha mengine. Kati ya wanawake 5,183 ambao sababu zao zilijulikana, 1,441 waliingia kwa ufukara mkubwa, 1,425 kwa kuachwa na wanaume walioishi nao, na 1,255 kwa kufiwa na wazazi au kufukuzwa nyumbani. Wengine 37 walikuwa wakiwatunza wazazi wazee au wagonjwa. Alieleza pia kuwa mishahara ya wanawake viwandani ilikuwa midogo mno, na kwamba wengi waliacha ukahaba baada ya muda na kurudi katika maisha ya kawaida.

Suala la maadili

Wanawake hao hawakuombwa ridhaa. Majina yao yalikuwa katika daftari kwa amri ya polisi, walilazimishwa kupimwa na madaktari, na waliweza kufungwa bila kufikishwa mahakamani. Alipoingia madanguroni, Parent-Duchâtelet alifuatana na mkaguzi wa polisi. Hivyo aliyeulizwa alimjibu mtu aliyesimama pamoja na mwenye uwezo wa kumfunga. Waliofanya kazi hiyo kwa siri, bila kuandikishwa, hawakuonekana katika hesabu kuu. Sharti la ridhaa ya hiari lilitangazwa wazi baadaye sana, katika Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947.

Yeye mwenyewe aliona ukahaba kuwa kitu kisichoepukika mjini, kama mifereji ya majitaka, akatetea usimamizi wa polisi. Kwa hiyo utafiti ulioonyesha umaskini wa wanawake hao ulitumika kuimarisha mfumo uliowabana.

Athari

Kitabu chake kilitolewa mwaka 1836, baada ya kifo chake, kikawa mfano kwa watafiti wa nchi nyingine. Nchini Uingereza sheria za kuwapima wanawake kwa lazima, zilizoanza mwaka 1864, zilipingwa na Josephine Butler na wenzake hadi zikafutwa mwaka 1886. Nchini Ufaransa madanguro yaliyoruhusiwa yalifungwa kwa sheria ya mwaka 1946, na daftari la wanawake hao lilifutwa mwaka 1960.