Robert Koch na sindano za Sese

Wapwani wenzangu, mtu yeyote aliyefanya kazi ya maabara analijua jina la Robert Koch. Mimi naishi nalo tangu nilipoondoka Mombasa kuja kufanya kazi hiyo hapa Machakos. Ukipaka makohozi kwenye kioo, ukayatia rangi na kuyatazama kwa hadubini, vile vijiti vya kifua kikuu unavyoviona, yeye ndiye aliyeuonyesha ulimwengu kwanza. Vitabu vyetu vya chuo vilimtaja hapo vikaishia hapo. Havikutwambia kwamba Koch alifika Afrika Mashariki zaidi ya mara moja, wala kwamba safari yake kubwa ya mwisho ya utafiti ilikuwa ya kutafuta dawa ya ugonjwa unaoharibu ubongo, kwenye visiwa vya Sese, Uganda. Sehemu hiyo ya maisha yake ndiyo nataka kuieleza leo, kwa sababu inatuhusu.

Alizaliwa tarehe 11 Disemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, mji wa machimbo ya madini. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na baba alikuwa ofisa wa machimbo. Alisomea udaktari Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Kisha akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao siku hizi uko Poland. Huko, mchana alitibu wagonjwa wake wa kawaida, na wakati wa nafasi alijifungia chumbani na hadubini. Mwaka 1876 akaonyesha vijidudu vinavyosababisha kimeta. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, akatangaza kuwa amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Miaka miwili baadaye, baada ya kazi ya Misri na Calcutta, akaeleza kijidudu cha kipindupindu. Kwa kutambua maradhi, zama zile hakuwa na mfano.

Kutibu ni jambo jingine. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, na mwanzoni hakusema imetengenezwa kwa nini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi nyingi. Haukupita muda ikajulikana kuwa dawa haiponyi, na baadhi ya waliodungwa walizidiwa, wengine wakafa. Ajabu ni kwamba tuberkulini haikutupwa. Hadi leo inatumika kwenye ngozi ya mkono kupima kama mtu ameambukizwa. Kile alichokiita tiba kilikuwa kipimo. Tukumbuke hilo, maana lilirudi tena kwa sura nyingine huku kwetu.

Afrika Mashariki aliijua tangu 1897, alipofika Dar es Salaam chini ya utawala wa Wajerumani, au Wadachi kama walivyoitwa na wazee wetu. Alichunguza malaria na tauni. Jambo moja nampongeza kwa kuliandika: kwamba watu wa milima ya Usambara waliiita ile homa kwa jina la mbu, kwa sababu waliipata waliposhuka bondeni wakaumwa na mbu. Kwa hiyo masikio ya kuwasikiliza wenyeji alikuwa nayo, alipotaka. Mwaka 1905 alirudi, akaeleza jinsi homa ya papasi inavyoenezwa na kupe hao hao tunaowajua kwenye nyumba za udongo. Mwaka huo huo akapewa tuzo ya Nobel.

Wakati huo kando ya Ziwa Viktoria watu walikuwa wakifa kwa malale. Daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo aliwatambua wagonjwa wa mwanzo mwaka 1901. Inakadiriwa kuwa katika miaka iliyofuata walikufa zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda. Vijiji vizima vilibaki magofu.

Malale huletwa na vimelea vinavyoitwa tripanosoma, na mbung'o ndiye anayevibeba. Akimuuma mtu, vimelea hukaa kwanza kwenye damu na tezi. Mtu anapata homa za kwenda na kurudi, kichwa kinauma, viungo vinauma, tezi za nyuma ya shingo zinavimba. Hapo bado anaweza kulima na kuvua. Baadaye vimelea huingia kwenye ubongo na katika maji ya uti wa mgongo, na hapo maradhi ya damu yanageuka maradhi ya fahamu. Mgonjwa analala mchana na kukesha usiku. Ulimi unakuwa mzito, mikono inatetemeka, mwendo unapepesuka. Mtu mpole anageuka mkali, mchangamfu ananyamaza. Mwisho haamki tena. Aldo Castellani, daktari wa Kiitaliano, ndiye aliyeviona vimelea hivyo kwenye maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa Entebbe, na mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kuwa mbung'o ndiye mbebaji.

Ugonjwa ulikuwa umejulikana. Kilichokosekana ni dawa. Koch alikuja mwaka 1906, akiwa na miaka 62, akiongoza msafara uliotumwa na serikali ya Ujerumani. Alianzia Tanga na Amani, halafu akapanda reli ya Uganda kutoka Mombasa kwenda ziwani. Reli hiyo ilikuwa imeuacha mji wetu wa Machakos pembeni na kukata nyanda za Athi, na ndiyo iliyomvusha Ukambani. Upande wa Mwanza hakupata wagonjwa wa kutosha, akaomba ruhusa kwa Waingereza avuke hadi Sese. Kambi yake akaiweka kwenye kisiwa cha Bugala.

Dawa aliyokuja nayo iliitwa Atoxyl, na jina lenyewe lilikusudiwa kueleza kuwa haina sumu. Ndani yake mlikuwa na aseniki. Watafiti wa Liverpool walikuwa wameshaonyesha mwaka 1905 kuwa inaua tripanosoma kwenye wanyama. Koch alikuwa akichoma sindano kwenye tezi za shingo, anatoa majimaji, anayatazama kwa hadubini, na akiona vimelea anaanza kudunga Atoxyl chini ya ngozi. Alianza na nusu gramu, siku mbili mfululizo, kisha anarudia baada ya siku kadhaa. Habari zikaenea. Watu walikuja kwa mitumbwi na wengine wakabebwa. Waliotibiwa walipita 1,000.

Mwanzoni mambo yalionekana mazuri. Vimelea vilipotea kwenye tezi na kwenye damu, na waliokuwa wamelala wakaamka. Lakini baada ya muda baadhi yao walianza kuugua tena. Siku hizi twajua sababu: Atoxyl ilisafisha damu bila kufika ya kutosha kwenye ubongo, na ubongoni ndiko maradhi yalikokuwa yamejificha. Koch aliamua kuongeza kipimo hadi gramu nzima. Sindano ziliuma sana. Wagonjwa wakapata maumivu ya tumbo na kizunguzungu. Kisha macho yakaanza kufifia. Zaidi ya watu 20 wakapofuka, na hawakuona tena maisha yao yote. Aseniki ilikuwa imeua mishipa ya fahamu ya macho. Dawa iliyoletwa kuokoa mfumo wa fahamu ikaharibu sehemu yake nyingine.

Koch alirudisha kipimo cha chini, lakini Atoxyl hakuiacha. Ripoti yake iliendelea kuisifu kuwa ndiyo silaha iliyopo. Alishauri pia wagonjwa watengwe kwenye kambi, vichaka vya ufukweni vifyekwe, na mamba wauawe, maana aliamini mbung'o hula damu yao. Aliporudi Ujerumani mwishoni mwa 1907 alipokelewa kwa heshima. Kambi zikaendelea upande wa Wajerumani, mojawapo Shirati, na Atoxyl ikaendelea kudungwa. Upande wa Uganda, Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wa mwambao wahamishwe, na baadaye na wa visiwani pia. Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Majivu yake yamewekwa kwenye taasisi yenye jina lake, Berlin.

Kuna watakaosema kuwa zama zile ndivyo ulimwengu ulivyokuwa. Mimi nakubali kiasi. Malale yalikuwa yanaua karibu kila aliyeyapata, na daktari aliyekaa bila kujaribu kitu naye angelaumiwa. Lakini si kweli kwamba hakuna aliyekuwa amewaza habari ya ridhaa. Serikali ya Prussia, nchini kwao Koch, ilitoa agizo mwaka 1900 kwamba mtu asifanyiwe jaribio la kidaktari bila kuelezwa na kukubali. Agizo hilo liliwaacha nje wale wanaofanyiwa kitu kinachoitwa tiba. Mlango huo mdogo ulitosha. Ukikiita kitu tiba, hulazimiki kuuliza.

Na wagonjwa wa Sese walisema, ingawa si kwa maandishi. Wengi walitoroka kambini kabla ya kumaliza sindano. Kutoroka huko kulionekana ni ujinga wa wenyeji. Mimi niliyekaa maabara miaka mingi naona vingine. Mgonjwa anayeikimbia dawa anakuletea habari, kama vile kioo kinavyokuletea habari. Aliyekimbia alishajua kuwa sindano inamfanyia kitu kibaya, kabla ripoti haijaandikwa. Angeketishwa akaulizwa anaonaje, huenda macho ya mwenzake yangepona. Mtu yule yule aliyewasikiliza watu wa Usambara habari za mbu hakuwasikiliza watu wa Sese habari za miili yao.

Twasema mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli, uji mpelekee tu. Lakini dawa si uji, na dawa ya ubongo ndiyo kabisa. Hapa Machakos nawaona wazazi wa watoto wenye kifafa. Mtoto amepewa vidonge mahali fulani, karatasi haina jina la dawa, na mama hakuambiwa kitu. Mtoto akitulia miezi miwili, mama anaona amepona, anaviacha vidonge siku moja. Kifafa kinarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, kwa sababu dawa hizo hazikatizwi ghafla. Au ni msichana aliyekua na anakaribia kuolewa, anatumia valproate, na hakuna aliyemwambia kuwa dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Au ni mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza ethambutoli, na hakuelezwa kwamba akianza kuona ukungu, au rangi nyekundu na kijani zikimchanganya, arudi kliniki mara moja. Hizi ni dawa nzuri, zinaokoa watu kila siku. Kinachokosekana ni maneno dakika tano.

Huko Pwani najua twawaheshimu madaktari kiasi cha kuona kumuuliza daktari ni kumvunjia adabu. Si hivyo. Ukipeleka mgonjwa wa kifafa, wa kiharusi au wa ganzi za miguu, uliza mambo manne. Ugonjwa huu unaitwaje, na mmeujuaje? Dawa hii inaitwaje? Nikiona dalili gani nirudi haraka? Nani ataniangalia baada ya mwezi? Daktari mwema atafurahi, maana majibu yako baadaye ndiyo yatakayomwonyesha kama dawa imefika ilikokusudiwa.

Malale yenyewe yamekwenda mbali tangu Sese. Mwaka 1949 ilikuja melarsoprol, iliyofika hadi ubongoni, lakini nayo ilikuwa na aseniki na iliua takriban mgonjwa mmoja katika kila 20 waliodungwa. Mwaka 1990 ikaidhinishwa eflornithine, isiyo na aseniki. Na mwaka 2018 ikapita fexinidazole, vidonge tu vya kumeza siku kumi, vilivyojaribiwa hasa huko Kongo pamoja na wagonjwa walioelezwa na kukubali wenyewe. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Kenya imeyaondoa malale kama tatizo la afya ya umma.

Jina la Koch litabaki kwenye vitabu, na ni haki yake, maana mamilioni ya watu wamepimwa kwa elimu aliyoiacha. Mimi mwenyewe nimekula mkate wa elimu hiyo. Majina ya wale zaidi ya 20 wa Sese sijayaona kwenye kitabu chochote cha chuo nilichosoma. Walikuja kambini kwa mitumbwi wakiwa wanaona njia, wakarudishwa nyumbani wakishikwa mkono. Mwanafunzi anayefundishwa habari za vijiti vya kifua kikuu afundishwe na habari zao pia, siku hiyo hiyo, na mwalimu huyo huyo.