MAMA ELIZABETH FRY, ALIYEINGIA BULOKO KWA MAPENZI YAKE



Katika Injili ya Matayo, sura ya 25, Bwana Yesu anahesabu kazi ambazo tutaulizwa siku ya mwisho: kulisha wenye njaa, kuvika walio uchi, kutazama wagonjwa. Kazi hizo tunajaribu kuzifanya. Lakini ile ya kumwendea mfungwa, wengi wetu tunairuka. Tunasema moyoni: alikula mali ya watu, basi akae huko. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza maisha ya mama mmoja ambaye hakuiruka.

KUZALIWA NA KUITWA KWAKE

Elizabeth alizaliwa tarehe 21 Mei 1780 katika mji wa Norwich, Uingereza. Baba yake, John Gurney, alikuwa tajiri. Jamaa yao ilikuwa ya Kanisa la Marafiki, wanaoitwa pia Quaker. Hata kwetu, upande wa Uvira, Marafiki wako. Mama yake alikufa Elizabeth akiwa na miaka 12. Alikua akipenda mavazi ya rangi na furaha za ujana. Lakini katika mwaka wa 1798 alisikia mahubiri ya William Savery, mtumishi aliyetoka Marekani, na moyo wake ukageuka.

Mwaka wa 1800 aliolewa na Joseph Fry, akahamia London. Mungu aliwapa watoto 11. Mwaka wa 1811 Marafiki walimtambua kuwa mhubiri.

GEREZA LA NEWGATE

Mwaka wa 1813 ndugu mmoja wa Marafiki, Stephen Grellet, alitoka kutazama gereza la Newgate, akamweleza Elizabeth mambo aliyoyaona. Mama akaenda mwenyewe. Alikuta wanawake karibu 300 pamoja na watoto wao, wamesongamana katika vyumba vichache. Aliyehukumiwa na aliyengoja hukumu walikaa pamoja. Walipika, walifua na kulala fasi ileile, chini, pasipo vitanda. Hata walinzi waliogopa kuingia kati yao. Elizabeth aliwapelekea watoto nguo.

Kisha mambo ya nyumba yalimfunga: kuzaa, magonjwa, na katika 1815 kifo cha binti yake mdogo. Alirudi Newgate mwishoni mwa 1816.

Tuangalie vizuri namna alivyoanza. Hakuanza na karipio. Aliwauliza wamama wale kama wangependa watoto wao wasome. Wakakubali kwa machozi. Wakachagua wao wenyewe mwalimu kati yao, kijana Mary Connor, aliyefungwa kwa kuiba saa. Mwizi akawa mwalimu.

Mwaka wa 1817 Elizabeth na wamama wenzake waliunda chama cha kuwasaidia wafungwa wa kike. Waliandika kanuni: kuacha matusi, kamari na pombe, kufanya kazi, kusikiliza Neno la Mungu asubuhi na jioni. Lakini hawakuwatwika kanuni hizo kama mzigo. Kila kanuni ilisomwa mbele ya wafungwa, nao wakainua mikono kama wanakubali. Waligawanyika katika vikundi vidogo, kila kikundi na msimamizi wake aliyetoka kati yao. Walishona nguo na kufuma soksi, vitu vikauzwa, na wao wakapata franga kidogo. Wakubwa wa mji, waliosema kwamba kazi hiyo haiwezekani, walifika kutazama, wakakuta utulivu. Wakazikubali kanuni zile kuwa kanuni za gereza.

Mwaka wa 1818 Elizabeth aliitwa mbele ya kamati ya Bunge kueleza kazi hiyo. Na sheria ya magereza ya 1823 iliagiza wafungwa wanawake walindwe na wanawake.

WALIOHUKUMIWA KUFA, NA WALIOHAMISHWA

Siku zile sheria ya Uingereza iliweka hukumu ya kifo kwa makosa zaidi ya 200, hata kutumia noti ya uongo. Elizabeth alikaa na wanawake waliongoja kunyongwa, akawaombea. Mwaka wa 1818 alimwendea waziri Sidmouth kumwombea Harriet Skelton, aliyehukumiwa kwa sababu ya noti za uongo. Waziri alikataa, na Harriet akanyongwa. Siku hiyo mama wetu alishindwa, lakini hakuacha kusema kwamba kumwua mtu hakumponyi mwenye kosa wala aliyekosewa. Mtu wa mwisho kunyongwa kwa kosa la aina hiyo Uingereza alikufa mwaka wa 1829.

Wengine walihamishwa mpaka Australia kwa meli. Walipelekwa bandarini katika magari ya wazi, wamefungwa minyororo, na watu wakiwatupia uchafu. Elizabeth aliomba wachukuliwe katika magari yaliyofunikwa, akawasindikiza. Kila mmoja alipewa mfuko wa sindano, uzi na vipande vya nguo, apate kazi njiani. Mfarishi ulioshonwa mwaka wa 1841 ndani ya meli Rajah umehifadhiwa mpaka leo katika mji wa Canberra.

MAJARIBU NA MWISHO WAKE

Mwaka wa 1828 benki ya mume wake ilianguka. Marafiki walimtoa Joseph katika ushirika wao, na watu wakamsema mama vibaya. Aliaibika, lakini aliendelea. Alikataa pia desturi ya kumfungia mfungwa peke yake siku nyingi, kwa kuwa inaharibu akili. Mwaka wa 1842 mfalme wa Prussia alimfuata Newgate kuona kazi yake. Alilala katika Bwana mwezi wa Oktoba 1845 huko Ramsgate. Kutoka 2002 mpaka 2017 sura yake ilikuwa juu ya noti ya pauni 5 ya Uingereza, yeye aliyewalilia walionyongwa kwa ajili ya noti.

TUNAJIFUNZA NINI?

Mama Elizabeth hakusema kwamba wizi si kosa. Alijua kwamba adhabu isiyomwachia mtu njia ya kurudi inazaa mwizi wa pili. Zakayo alipokutana na Bwana alirudisha mara nne, na aliyeibiwa akapata haki yake. Maiti hairudishi kitu.

Nasi watu wa Kongo tusisahau: Papa Simon Kimbangu alihukumiwa kifo katika 1921, kisha akafungwa maisha, na akafa akiwa mfungwa huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, katika 1951. Basi tusidhani kwamba kila aliye ndani ni takataka.

Katika magereza yetu, asiye na jamaa wa kumletea chakula hulala njaa. Na kijana akikamatwa usiku mtaani, wako wanaokimbia kutafuta mpira wa gari wa kumchomea. Je, mwamini atasimama upande gani? Na aliyetoka buloko akiingia kanisani, tutasogea apate kukaa, au tutashika mifuko yetu?

Wamama, mnapopika, wekeni sahani ya mfungwa. Wapapa, aliyetoka kifungoni mpeni kazi, naye aanze kumrudishia aliyemwibia. Ndivyo njia ya kurudi inavyofunguliwa.