Winston Churchill, Mvutaji wa Sigaa Aliyepita Kampala

Mwezi wa Novemba mwaka 1907 alifika Kampala Mwingereza mmoja mwenye umri wa miaka 32, Naibu Waziri wa Makoloni katika serikali ya London. Alikuwa ametoka Mombasa kwa gari moshi hadi Kisumu, akavuka Ziwa Victoria kwa meli hadi Entebbe. Katika mji huu wa vilima alionana na Kabaka Daudi Chwa, mtoto wa miaka 11, pamoja na Katikiro Apolo Kagwa, ambaye alikuwa mmoja wa wasimamizi watatu waliokuwa wakitawala kwa niaba ya mtoto huyo. Mgeni mwenyewe alikuwa Winston Churchill.

Wengi wa wasomaji wetu, askari na polisi, wanamfahamu kwa picha zake za baadaye: mtu mnene, uso wa ukali, kofia nyeusi, na sigaa kinywani. Kwa wale wasioizoea, sigaa si sigara ya kawaida. Ni tumbaku tupu, majani juu ya majani, yaliyosokotwa kwa mkono bila ya karatasi. Mtu huyu alivuta sigaa kwa takriban miaka 70, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba alikuwa bingwa wa kuonja na kupambanua sigaa bora na sigaa duni. Sisi tumeyatazama maisha yake na hatukubaliani na dhana hiyo. Kupenda kitu ni jambo moja, kukijua ni jambo jingine.

Churchill alizaliwa tarehe 30 Novemba 1874 katika jumba la Blenheim, Uingereza, katika ukoo wa makabaila. Shuleni hakung'ara. Alifanya mtihani wa kuingia chuo cha maofisa cha Sandhurst mara tatu ndipo akakubaliwa. Sisi tuliopitia vyuo vya namna hiyo tunaelewa jinsi jambo hilo linavyoweza kumuumiza kijana. Mwezi wa Februari 1895 alipewa cheo cha luteni wa pili katika kikosi cha wapanda farasi, na kabla ya mwaka kwisha akaomba likizo, yeye na luteni mwenzake, wakaenda Cuba kuona jinsi jeshi la Hispania lilivyokuwa likipigana na wananchi waliokuwa wakidai uhuru. Siku alipotimiza miaka 21 alikuwa huko, na risasi zilikuwa zikipita. Kisiwa hicho ndicho chenye sigaa zinazosifiwa kuliko zote duniani. Churchill alizizoea akiwa huko, na tangu hapo hakuziacha.

Ili tuweze kumpima mtu huyu kwa haki, hatuna budi kueleza jinsi sigaa inavyopimwa na wajuzi. Sigaa njema ina sehemu tatu: majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani la nje ambalo ndilo vazi lake. Tumbaku ya Cuba iliyo bora hutoka magharibi ya kisiwa, katika mkoa wa Pinar del Río, sehemu iitwayo Vuelta Abajo. Jani la nje hukuzwa chini ya kivuli cha vitambaa ili libaki jembamba na laini. Baada ya kuvunwa, majani hukaushwa, kisha hurundikwa yakapata joto na kuchachuka, na baadaye huwekwa muda mrefu hadi ukali uishe.

Kazi ya mjuzi huanza kabla ya moto. Hutazama jani la nje kama lina rangi moja, bila mishipa minene wala mabaka. Huminya sigaa taratibu kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikibonyea mahali, basi majani yamepungua hapo na moto utakimbia. Ikiwa ngumu kama mti, hewa haitapita. Huinusa ikiwa bado baridi, kisha hukata kichwa chake na kuvuta hewa tupu apate ladha ya jani lenyewe. Ikishawashwa, moshi hauingizwi kifuani kabisa, bali hukaa kinywani na kutolewa polepole, mwingine kwa njia ya pua, kwa kuwa pua ndiyo inayotambua mengi kuliko ulimi. Mjuzi huvuta kama mara moja kwa dakika, maana ukiharakisha, sigaa hupata joto na kuwa chungu. Moto sharti uende sawa pande zote, na majivu yashikamane. Harufu kali ya choo ikitokea, hiyo ni dalili kwamba jani halikukomaa. Aidha, sigaa ile ile huwa na ladha tofauti mwanzoni, katikati na mwishoni, na mwonjaji hutakiwa kuyahukumu yote matatu. Katika viwanda vya Havana wako watu walioajiriwa kwa kazi hiyo tu. Huonja asubuhi, ulimi ukiwa bado safi, na kati ya sigaa na sigaa husuuza kinywa kwa chai isiyo na sukari.

Basi Churchill alifanya nini? Hakukata kichwa cha sigaa yake, bali alikitoboa kwa njiti ndefu ya kiberiti. Alikitafuna kikalowa, hata ikabidi azungushie karatasi ya kahawia ili kuzuia mate. Aliiacha ikazimika, akaiwasha tena, ikazimika tena, na sigaa iliyowashwa mara nyingi hivyo haiwezi kubaki na ladha yake ya asili. Majivu yalimwangukia nguoni. Mwonjaji wa Havana angemfukuza mezani.

Lakini yeye alikuwa na akili ya namna nyingine, akili ya kamanda: alijua kuchagua watu wanaojua. Mwaka 1900 alifungua hesabu katika duka la Robert Lewis, mtaa wa St James's mjini London, na akabaki mteja wa duka hilo maisha yake yote. Wenye duka ndio waliochagua majani, yeye akapenda. Nyumbani kwake Chartwell kulikuwa na chumba kilichojaa maelfu ya sigaa, nyingi zikiwa za Romeo y Julieta na La Aroma de Cuba, zimepangwa kwa ukubwa katika masanduku yenye vibandiko.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipokuwa Waziri Mkuu, kazi ya kuonja ilichukua sura ambayo ofisa yeyote wa usalama ataielewa. Mwaka 1941 serikali ya Cuba ilimpelekea zawadi ya sigaa kwa maelfu. Maofisa wa usalama walihofu sumu, kwani ni rahisi kuificha ndani ya majani yaliyosokotwa. Lord Rothschild, mwanasayansi aliyekuwa akishughulikia hujuma katika idara ya upelelezi, alipewa jukumu la kutoa sampuli na kuzipima. Inasimuliwa kwamba Churchill hakungoja majibu. Aliwagawia mawaziri wake sigaa hizo kikaoni huku akifanya mzaha kwamba huenda kila moja ina sumu. Wengine huita huo ushujaa. Sisi tunaona kwamba mlinzi aliyekuwa akipima jani moja moja usiku ndiye aliyekuwa akifanya kazi, na mkubwa wake alimharibia.

Papara hiyo hiyo tunaiona katika safari yake ya Uganda. Kutoka Kampala alikwenda Jinja, akatembea kwa miguu na kwa baiskeli hadi Bunyoro, akashuka Nile mpaka Gondokoro na Khartoum, na mwaka 1908 akatoa kitabu kuhusu safari hiyo. Kwa siku chache tu alikuwa amekwisha kuihukumu nchi nzima. Mengine aliyaona vyema: aliyatazama maporomoko ya Ripon na kusema nguvu zake zingeweza kuendesha mitambo. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, yeye akiwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili. Hata hivyo, watu wenyewe aliwaona kama wa kusimamiwa tu, na ni serikali yake hiyo ya pili iliyotangaza hali ya hatari Kenya mwaka 1952, ambako askari wa King's African Rifles kutoka Uganda nao walipelekwa.

Jambo ambalo hakuliona, kwa sababu lilianza baadaye, ni tumbaku ya hapa kwetu. Mwaka 1928 kiwanda cha sigara kilifunguliwa Jinja, na kilimo cha tumbaku ya biashara kikaenea Bunyoro na West Nile. Wako askari wengi waliokua katika nyumba hizo. Wanamkumbuka mama aliyeketi barazani akichambua majani makavu: haya marefu, haya mafupi, haya ya chini ya mmea, haya yenye madoa, kila daraja na fungu lake, akilinusa jani na kulikunja kidogo kati ya vidole asikie kama limekauka mno. Mama huyo hakuvuta hata siku moja, na angeijua sigaa mbovu kwa kuishika tu. (Hatuandiki haya ili mtu ashawishike kuvuta. Sheria ya mwaka 2015 inakataza kuvuta mahali pa watu wengi, na polisi ni miongoni mwa wanaoisimamia.)

Churchill alifariki London tarehe 24 Januari 1965, akiwa na umri wa miaka 90, na akazikwa kwa heshima zote za kitaifa. Jina lake limebaki katika kipimo cha sigaa. Romeo y Julieta huuza sigaa yenye urefu wa inchi 7 na unene usiofika robo tatu ya inchi, nayo huitwa Churchill. Kila moja husokotwa kwa mkono huko Cuba, na kabla ya kutiwa sandukuni hupangwa na wenzake kwa rangi ya jani la nje, kutoka nyeusi hadi ya kunde.