Jaji Nyalali na Shamba la Mkulima

Ndugu msomaji, shamba unalolima hapa Litapunga ulilipataje? Labda ulirithi kwa baba yako. Labda ulipewa na kijiji. Huenda huna karatasi yoyote ya shamba hilo. Je, ni mali yako kweli? Swali kama hili lilifika mpaka mahakama ya juu kuliko zote nchini. Aliyeandika hukumu ni Jaji Francis Nyalali.

Nyalali alizaliwa mwaka 1935. Nchi yetu ilikuwa Tanganyika, chini ya Waingereza, na haikuwa na chuo kikuu. Nyalali alisoma Makerere, Uganda, kisha akajifunza sheria Uingereza. Aliporudi alifanya kazi ya hakimu. Kazi hiyo si ndogo, kwa maana hakimu ndiye anayeonana na wananchi uso kwa uso. Baadaye akawa Jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 1977 Rais Nyerere alimteua kuwa Jaji Mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 42 tu.

Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mahakama ya rufani ya Jumuiya ikafa pamoja nayo. Basi mwaka 1979 Tanzania ilianzisha Mahakama yake ya Rufani, na Nyalali akaiongoza. Mahakama hiyo ni ya Muungano. Husikiliza rufani za Bara na za Zanzibar.

Watu wengi wanamkumbuka Nyalali kwa mambo ya vyama. Mwaka 1991 Rais Mwinyi alimpa tume ya kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu watu 80 katika kila 100 walitaka chama kimoja. Hata hivyo tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, ili wale wachache nao wasikike. Vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1992.

Lakini mimi naona kesi ya shamba inamhusu mkulima zaidi. Sikiliza ilivyokuwa.

Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, watu wengi walihamishwa. Mashamba yao ya zamani wakapewa wengine. Baba mmoja na mwanawe, wakulima wa Mkoa wa Arusha, walikwenda mahakamani kudai shamba lao. Walishinda, wakarudishiwa. Ndipo mwaka 1992 ikatungwa sheria mpya. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila za ardhi walizokuwa nazo watu kabla ya kuhamishwa. Hakuna fidia. Kesi zilizokuwa mahakamani zikomeshwe. Fikiri, ndugu msomaji: umeshinda kesi, umekwisha kupanda, kisha unaambiwa haki yako imefutwa!

Wakulima wale hawakukata tamaa. Walikwenda Mahakama Kuu ya Arusha kuipinga sheria yenyewe, wakashinda tena. Serikali ikakata rufani. Mwezi Desemba 1994 majaji watatu walitoa hukumu, na Nyalali ndiye aliyeiandika. Walisema kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali. Katiba inailinda kama inavyolinda mali nyingine. Mtu aliyeitunza ardhi kwa jasho lake asinyang'anywe bila fidia ya haki. Tena sheria isimfungie mwananchi mlango wa mahakama. Vifungu vilivyofanya hivyo vikafutwa.

Tazama, waliobishana hapo ni wakulima wawili na Serikali nzima.

Nyalali alistaafu mwaka 2000, akafariki mwaka 2003. Kabla hajastaafu, Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo inaitambua haki ya kimila, hata kwa mtu asiye na karatasi. Ukitaka karatasi, unaomba kwenye halmashauri ya kijiji chako. Inaitwa hati ya hakimiliki ya kimila. Mke na mume wanaweza kuandikwa wote wawili.